Ukufi wa Ijumaa Arobaini

Katika zama ambazo kila mji wa pwani ulikuwa na ngome yake na kila ngome ilikuwa na bawabu wake, palikuwa na mji ukiitwa Mrimbati, na aliyeutawala ni Sultani Ajmadi bin Nasibu, kijana mwenye sura njema na maneno matamu na moyo usiovumilia kuona mtu akihangaika. Na mji huo ulikuwa na nyumba elfu moja na mia mbili, na visima saba, na mashamba ya mpunga nyuma ya ngome, na watu wake hawakuwa matajiri wala hawakuwa mafukara, kwa sababu ya mambo madogo waliyoyafanya kila siku bila hata kuyafikiria.

Mtu aliyeyajua mambo hayo barabara ni Shufaa binti Ngwali, msuka mikeka, ambaye alilelewa na bibi yake, Bi Kidawa, katika nyumba ndogo ya mtaa wa Kisimani. Jikoni kwa Bi Kidawa hakikutupwa kitu kabla ya kutafutiwa kazi nyingine. Nazi ikivunjwa, maji yake yalinywewa. Ikikunwa na kukamuliwa tui, machicha yalikwenda kwa kuku, na kifuu kikachongwa kikawa upawa, na makumbi yakafukiwa mchangani hata yakalainika yakasokotwa kamba. Maji ya kuoshea mchele yalikuwa ya migomba, na majivu yalikuwa ya mchicha. Mkeka uliochanika ulitiwa kiraka, na kiraka kikichanika, mkeka ukageuka wa kuanikia mpunga, na ukichakaa hata kwa kazi hiyo, ukawa wa kuwashia moto.

Na juu ya yote palikuwa na ukufi. Kila mwanamke wa Mrimbati, akishapima mchele wa chakula na kabla hajautia maji, alichota ukufi mmoja, kiasi cha kujaa kiganja, akautia katika kimtungi kilichokaa karibu na mafiga. Siku ya Ijumaa, watu wakitoka kusali, vimtungi vilimiminwa na mchele ule ukapelekwa kwa aliyepungukiwa juma lile, awe mjane au mgonjwa au mgeni, au mtu ambaye mpunga wake umeliwa na nguruwe.

Shufaa alipokuwa mdogo aliwahi kuuliza, "Bibi, mchele wa kimtungi hiki ni wa nani?"

"Wa jirani."

"Jirani yupi?"

"Sijui bado. Ijumaa haijafika."

Basi siku moja wafanyakazi wa Sultani walikuwa wakisafisha birika la zamani nyuma ya jumba, na ndani ya tope wakaokota pete ya shaba iliyoota kutu ya kijani, imechorwa neno moja tu: Asipewe. Sultani Ajmadi akaisugua kwa kanzu yake ili aisome, na papo hapo hewa ikatetemeka na akasimama mbele yake jini mrefu kama mnara, macho yake kama makaa, na sauti yake ikavuma ndani ya birika tupu.

"Labeka, ewe mwenye pete! Mimi ni Marjakani, mtumwa wa shaba hii. Utakachoamuru nitakileta, kikubwa na kidogo, cha karibu na cha mbali."

"Na neno hili maana yake nini?" Sultani akauliza.

Jini hakutaka kujibu, lakini pete haikumruhusu kusema uongo. "Maana yake, ee Sultani, ni kwamba chakula ninacholeta mimi hakipiti kooni mwangu. Ninachoweza kula ni kile tu ambacho mwanadamu amekitoa katika fungu lake na kunipa kwa mkono wake. Na nikipewa hivyo Ijumaa arobaini, kifungo changu kinakatika nami naenda zangu."

Sultani akafikiri, na alichofikiri kilikuwa ni kheri. Akawakumbuka kina mama waliobeba kuni jua la mchana, na vikongwe waliochambua mchele punje kwa punje, akasema moyoni kwamba raia zake wamechoka vya kutosha. Akaamuru kila alfajiri masinia elfu moja na mia mbili yaletwe Mrimbati, kwa idadi ya nyumba zake, kila sinia limejaa wali na kitoweo na matunda. Kisha akapiga mbiu mji mzima: jini akilishwa Ijumaa arobaini atakwenda zake, kwa hiyo atakayempa kitu, hata iwe kata moja ya maji, atakatwa kichwa.

Watu wakashangilia, na amri hiyo haikumsumbua mtu, kwani nani alikuwa na haja ya kumlisha jini?

Miaka ikapita. Mwaka wa kwanza wanawake walitundika mbuzi za kukunia nazi darini, na wa pili vinu vikawa viti vya barazani. Mwaka wa tatu mashamba yalishikwa na magugu, na mwaka wa nne watu wakaanza kutupa masinia pamoja na mabaki nje ya ngome, maana kesho yangekuja mengine, na jaa likapanda hata likachungulia ndani ya mji. Mtu hakubisha tena hodi kwa jirani kuomba chumvi, wala moto, wala ushauri. Na katika mwaka huo wa nne Bi Kidawa aliugua, akamwita mjukuu wake kitandani.

"Shufaa, ukufi usiuache."

"Lakini bibi, siku hizi hakuna mwenye haja."

"Hujamtafuta," akasema Bi Kidawa, na hayo yakawa maneno yake ya mwisho.

Shufaa akashika wosia. Kila siku, kabla ya kula, alichota ukufi mmoja wa wali kutoka kwenye sinia lake, akauanika juani juu ya ungo mpaka ukakauka, akautia kimtungini. Lakini kila Ijumaa ilipofika hakupata wa kumpa, na alirudi nyumbani akawamwagia kuku. Mwaka wa saba akaona haya ni mchezo tu, akaamua kubisha milango. Alianza na ya jirani yake wa ukutani, Bi Zamzam, mwanamke mnene mwenye sauti ya kusikika mitaa miwili.

"Shikamoo, Bi Zamzam. Nimekuletea ukufi wa Ijumaa."

"Marahaba. Umeniletea nini?"

"Ukufi. Kama zamani."

Bi Zamzam akatazama ndani ya kimtungi, kisha akamtazama Shufaa kuanzia utosini hadi unyayoni. "Wali mkavu! Mwanangu, nimekukosea nini? Mimi nina sinia zima, ndizi zinaniozea humo ndani, nawe unaniletea makoko? Toka, kabla watu hawajakuona wakadhani nimekuwa ombaomba!"

Mlango wa pili alichekwa, na wa tatu hawakumfungulia. Akatembea na kimtungi chake hadi alipofika nyuma ya jumba la Sultani, penye jiko la zamani ambalo halikuwashwa moto kwa miaka saba, na humo akasikia mtu akikohoa.

Akachungulia. Juu ya mafiga baridi alikuwa amekaa mtu mrefu aliyekonda hata mbavu zikahesabika, na macho yake yalikuwa kama makaa yanayokaribia kuzimika. Shufaa akamtambua kwa macho hayo.

"Wewe ndiye Marjakani?"

"Ndiye mimi, binti. Usiogope. Sina nguvu hata ya kumtisha paka."

"Unaumwa?"

Jini akatabasamu kwa uchovu. "Kwa miaka saba nimebeba masinia elfu moja na mia mbili kila alfajiri, na leo ndiyo mara ya kwanza mtu kuniuliza. Siumwi. Nina njaa. Majini hatufi upesi, lakini tunakufa. Sidhani kama nitaziona mvua za mwakani."

"Na ukifa?"

"Masinia yatakoma siku hiyohiyo."

Shufaa akasimama pale na kimtungi mkononi. Alikumbuka mbiu ya Sultani, na mkono wake wa kushoto ukapanda wenyewe ukaishika shingo yake. Akimlisha jini na akajulikana, kichwa chake ni halali ya upanga. Hata asipojulikana, Ijumaa arobaini zikitimia jini atakwenda zake. Na asipomlisha jini atakufa, na mji uliosahau hata kuwasha moto utaamka siku moja hauna chakula wala mbegu wala anayejua kutwanga. Alitafakari sana, na mwisho aliyasikia maneno ya bibi yake kama yanasemwa chumba cha pili. Akaketi chini, akauloweka ule wali kwa maji, akampa jini kwa mkono wake.

Jini alikula polepole, punje kwa punje, na machozi yakamtoka.

"Hiyo ni ya kwanza," akasema Shufaa. "Zimebaki thelathini na tisa, na katika muda huo nataka unisaidie kitu. Je, pete inakulazimisha wali uwe umepikwa?"

Jini akainua kichwa. "Amri ilikuwa ni wali na kitoweo na matunda. Mwaka wa kwanza Sultani alisema, 'Endelea vivyo hivyo, usinisumbue kwa mambo ya jikoni.' Mambo ya jikoni ameniachia mimi."

"Vizuri. Ijumaa ijayo usikune nazi."

Na ndivyo ilivyokuwa. Mji wa Mrimbati uliamka ukakuta juu ya kila sinia, isipokuwa la Sultani, nazi nzima, na kando yake wali mkavu usio na tui. Kilio kilisikika kila mtaa. Bi Zamzam aliikamata nazi yake kama mtu aliyeshika kichwa cha adui.

"Hii inafunguliwaje?" akapiga kelele ukutani. "Shufaa! Wewe si mtu wa mambo ya kale? Njoo!"

Shufaa akaja, akateremsha mbuzi kutoka darini, akaipangusa vumbi la miaka saba, akamkalisha Bi Zamzam juu yake. Bi Zamzam akakuna mara mbili, akasimama, akakuna tena, kisha akasema kwa sauti ndogo ambayo hakuna aliyewahi kuisikia, "Mama yangu alikuwa akiimba akikuna." Na akaanza kuuimba wimbo huo, akasahau maneno ya katikati, na mwanamke wa nyumba ya pili akamjibu kutoka dirishani kwa maneno aliyoyasahau.

Baada ya wiki chache mchele ulikuja mbichi, na watu wakatafuta mafiga. Halafu kuni zikakosekana, wakaenda kuzikata, na samaki wakaja na magamba yao. Mwezi wa nne ulikuja mpunga badala ya mchele, na vinu vikanyanyuliwa kutoka barazani huku wazee waliozoea kuvikalia wakilalamika kwamba wamefukuzwa vitini. Na mvua zilipokaribia, kila sinia likaja na jembe, na mbegu zimefungwa kitambaani. Waungwana wakalitazama jembe kwa muda mrefu.

"Kitoweo gani hiki?" akauliza mmoja.

"Chemsha uone," akajibu mkewe.

Wakalima, kwa kuwa hawakuwa na la kufanya kwa jembe isipokuwa kulima. Waliolima wakaona vumbi la majivu linafaa mchicha, na maji ya mchele yanafaa migomba, na masinia yaliyotupwa jaani yanafaa kuezekea mabanda ya kuku, na jaa likaanza kushuka. Mambo hayo hayakuja kwa hotuba. Yalikuja kwa mtu kumwona mwenzake akifanya, akasita, kisha akasema, "Kumbe hata kwetu tulikuwa tukifanya hivyo."

Kila Ijumaa Shufaa aliingia jikoni kwa Sultani na kimtungi chake, na jini alinenepa kidogo. Lakini Ijumaa ya thelathini Shufaa akasema, "Wamejifunza kufanya. Hawajajifunza kupeana. Kila mtu anatwanga chake na kufunga mlango."

"Amri ni masinia elfu moja na mia mbili," akasema jini taratibu. "Sultani hakusema kwamba kila mlango uhesabiwe. Nikiupelekea mlango mmoja masinia mawili, mwingine utakosa."

"Anza na wa kwangu," Shufaa akajibu.

Asubuhi iliyofuata mlango wa Shufaa haukuwa na kitu, na Bi Zamzam akakuta mawili. Akayazunguka masinia yale kutwa nzima, akajiambia ni makosa ya jini, akajiambia ni bahati yake. Alasiri akaona moshi hautoki kwa Shufaa. Akapika vyote, akapakua sahani, akaifunika kawa, akabisha.

"Usidhani nakuhurumia," akasema kwa ukali. "Nimezidisha tu."

"Ahsante, Bi Zamzam. Nami nilikuwa na njaa."

Bi Zamzam akasimama mlangoni bila kujua pa kuiweka mikono yake. Kesho yake alishinda barazani akichungulia moshi wa majirani, mmoja baada ya mwingine. Na kila siku mlango mmoja ulikosa, na mwingine ukazidishiwa, na watu walioona aibu kupewa walipewa wakala, na walioona aibu kutoa walitoa. Kufika Ijumaa ya thelathini na tisa hapakuwa na nyumba isiyokuwa na kimtungi kando ya mafiga.

Basi Alhamisi iliyofuata mlango uliokosa ulikuwa wa Sultani. Na kwa kuwa wapishi wa jumba waliachishwa kazi zamani, Sultani Ajmadi alishinda na njaa, na hakuna aliyethubutu kumpelekea sahani, maana kumpa mfalme chakula ni kama kumwambia amefilisika. Jioni akaghadhibika, akaisugua pete.

"Sinia langu liko wapi?"

"Nimeleta elfu moja na mia mbili, ee Sultani. Lako limekwenda kwingine."

"Na ujanja huu kakufundisha nani?"

Jini akauma midomo yake, lakini pete ikamkaba. "Yule anayenilisha," akasema. "Shufaa binti Ngwali." Na akaangua kilio kama mtoto.

Askari wakaenda Kisimani, wakamtia Shufaa pingu, na mmoja wao akakipiga teke kimtungi cha Ijumaa ya arobaini, kikavunjika, na kuku wakaumaliza ule wali.

Ijumaa Sultani alilikataa sinia lake kwa ghadhabu, na watu walipotoka kusali akaketi barazani mwa jumba mbele ya mji wote, Waziri kuliani na mwenye upanga kushotoni, na Shufaa akaletwa, na jini akasimamishwa kando yake.

"Ewe Shufaa," akasema Sultani, na sauti yake ilikuwa dhaifu kwa njaa, "uliisikia mbiu yangu?"

"Niliisikia, ewe mtukufu Sultani, Mungu akuzidishie umri. Nawe ulitupenda, hilo nalijua. Ulituondolea kazi ya mikono. Lakini pamoja na kazi uliondoa na sababu ya mtu kubisha kwa mwenzake. Huyu alikuwa akifa jikoni mwako. Ningemwacha afe, leo mji huu wote ungekuwa na njaa uliyonayo wewe. Nimesema la kusema, na shingo ni hii."

Sultani akafungua kinywa atoe hukumu, na hapo ghasia ikatokea mlangoni. Bi Zamzam alikuwa akisukumana na mabawabu, sahani kichwani imefunikwa kawa.

"Niacheni nipite! Sinia lake lilikuja kwangu jana, nikaogopa nikalala nalo. Sultani au si Sultani, tumbo ni lilelile!" Akapita, akapiga magoti, akaiweka sahani mbele ya kiti. "Baba, usinikate kichwa. Wali umeungua kidogo chini. Nilikuwa na hofu."

Sultani akafunua kawa. Ulikuwa wali wa nazi na mchicha, na harufu ya ukoko ilipanda ikamfikia, na uso wake ukabadilika, kwa sababu hakuwa ameinusa harufu hiyo tangu mama yake alipofariki, yeye akiwa mtoto wa miaka sita aliyekula na mama huyo kwenye mkeka mmoja. Akanawa. Mkono wake ukaenda kwenye sahani, na kabla ya kupeleka tonge kinywani, ukachota wali kidogo na kuuweka pembeni.

Sultani akautazama mkono wake kama mkono wa mtu mwingine.

"Hilo la pembeni ni la nani, ewe mtukufu?" Waziri akanong'ona.

"Mama alikuwa akiniambia nianze kwa kulitenga," akasema Sultani. "Hakuwahi kuniambia ni la nani."

Akainuka, akashuka ngazi zote saba akiwa na ule ukufi kiganjani, na yeye aliyekuwa na njaa ya siku mbili akampa jini chakula chake kabla yeye mwenyewe hajala. Marjakani akapokea kwa mikono miwili, akala, na pete ikakatika kidoleni mwa Sultani ikaanguka vipande viwili.

"Waziri," akasema Sultani, "hukumu ni kichwa cha atakayempa jini chakula. Tuko wawili sasa. Utaanza na nani?"

Waziri akababaika. "Mbiu hiyo... naona imekwisha muda wake, ewe mtukufu. Lakini kesho masinia hayatakuja! Watu watakula nini?"

"Walichokula jana," Bi Zamzam akasema. "Kwani ulidhani nani alikitwanga?" Na mji mzima ukacheka, maana ni kweli, mpunga wao wenyewe ulikuwa umeiva mashambani, na hakuna aliyekuwa ameliona jambo hilo.

Marjakani akamwinamia Shufaa hadi paji la uso likagusa ardhi. Akalipulizia jaa la nje ya ngome, na masinia yote yaliyobaki humo yakawa ya fedha safi, kisha akapaa, na watu wakampungia mikono kama wanavyompungia jamaa anayesafiri. Fedha hiyo Shufaa aliifanya wakfu wa visima na mabanio ya maji ya mashamba. Na baada ya mavuno Sultani akapeleka posa. Shufaa akajibu kwamba amekubali, kwa sharti moja, kwamba kila Ijumaa Sultani atakaa mwenyewe juu ya mbuzi akune nazi mbili. Sultani akataka nazi iwe moja. Wakaelewana kwa moja na nusu, wakaoana, wakaishi miaka mingi, na wageni waliofika Mrimbati walishangaa kumwona mfalme ana sugu viganjani.

Wazee waliotuachia habari hii walisema kwamba mazoea mema ya nyumba hujengwa na mikono mingi kwa vizazi, na yanaweza kupotea kwa asubuhi chache za raha, na kwamba mtu asihesabu jirani zake mpaka amemtazama na yule anayemtumikia. Ngome ya Mrimbati imekwisha kuanguka, na mtaa wa Kisimani ni magofu na majani. Lakini kina mama waliozaliwa huko, hata walipohamia mbali na kuzeeka katika nyumba za watoto wao, walikuwa wakiulizwa kila mara kwa nini wanapika kingi kuliko watu waliopo, na walijibu tu kwamba hawajui kupika kidogo.

Hekaya imeiva; anayetaka apakue, na wa nje amwekee.